Mwenye Timu na Wenye Timu

Kumi la pili la Ramadhani lilikuwa linaelekea kuisha, Jumapili ya Mei 2, 2021. Manchester United walikuwa wacheze na Liverpool saa kumi na mbili na nusu jioni kwa saa za huku kwetu. Katika kibanda umiza nilikozoea kutazama mpira, waliofunga walifuturu kwa tende mbili tatu na uji wa haraka haraka, wakawahi benchi. Kiingilio tulishatoa. Badala ya timu kutoka kupasha misuli, tukaonyeshwa watu wakikimbia ovyo katikati ya uwanja wa Old Trafford, moshi wa rangi ukifuka, mmoja akining'inia kwenye mwamba wa goli. Siku hizo mechi zilikuwa zikichezwa bila watazamaji kwa sababu ya korona, kwa hiyo uwanja uliopaswa kuwa mtupu ndio uliokuwa na watu. Kwenye Hoteli ya Lowry, mashabiki wengine walikuwa wamezingira njia na basi la United halikuweza kutoka. Mechi ikaahirishwa. Haikuwahi kutokea katika Ligi Kuu ya England mechi ikaahirishwa kwa sababu ya maandamano ya mashabiki.

Kibandani pakawaka moto.

"Wanaume kabisa hawa," alisema kijana mmoja aliyevaa jezi ya United. "Glazer lazima aachie."

"Wanaume wapi, kaka?" akajibu mwenzake, jezi ileile. "Sisi tumelipa, tumekuja kuangalia mpira. Glazer yuko kwake Florida anakula raha, anayeumia hapa ni mimi na wewe."

Shabiki wa Liverpool akasema United walikuwa wanakimbia kipigo, na mjadala ukaharibika hapo hapo. Ila wale wawili wa mwanzo walikuwa wameugusa mzizi wa jambo lote. Mashabiki wanaompinga mmiliki wa klabu yao hawabishani sana kama mmiliki ni mbaya, maana hilo mara nyingi wanakubaliana. Wanabishania namna ya kumpiga nyoka aliyejizungusha kwenye mtungi wa maji. Ukimwacha, anakaa. Ukimpiga, mtungi ni wako.

Ili kuelewa hasira ya Manchester inafaa kurudi 2005. Kabla ya hapo United ilikuwa kampuni ya soko la hisa isiyo na deni. Mashabiki walikuwa wameshaonja ushindi: mwaka 1998 kampuni ya televisheni ya BSkyB, iliyokuwa chini ya Rupert Murdoch, ilitaka kuinunua klabu kwa pauni milioni 623, wao wakapiga kelele na kupeleka hoja serikalini, na Aprili 1999 serikali ikalizuia dili. Malcolm Glazer, mfanyabiashara wa Marekani, alikuja kwa njia ambayo serikali haikuizuia. Alinunua hisa polepole, kisha Mei 2005 akauziwa kwa mpigo hisa za matajiri wawili wa Ireland, John Magnier na J.P. McManus, karibu asilimia 29. (Magnier na kocha Alex Ferguson walikuwa wamegombana kwa sababu ya farasi wa mashindano, Rock of Gibraltar. Historia ya klabu kubwa wakati mwingine hupitia zizini.) Thamani ya ununuzi wote ilikuwa kama pauni milioni 790, na zaidi ya nusu yake ilikuwa fedha ya kukopa, sehemu kubwa ikiwa imewekewa dhamana mali za klabu yenyewe.

Anayezijua bodaboda za mkataba ataelewa haraka. Tajiri anatoa pikipiki, dereva anapeleka hesabu kila siku au kila wiki, na mkataba ukiisha pikipiki inakuwa ya dereva. Pale Old Trafford mashabiki walipeleka hesabu mwaka baada ya mwaka kwa tiketi, jezi na ving'amuzi, na hesabu hiyo ikalipa riba ya mkopo uliowanunua wao wenyewe, lakini pikipiki ikabaki ya tajiri. Kufikia 2010 deni lilikuwa limepanda hadi pauni milioni 716.5, na sehemu moja ya mkopo ilikuwa na riba ya zaidi ya asilimia 14 kwa mwaka. Ukijumlisha riba, ada na gawio tangu 2005, makadirio yanayotajwa huvuka pauni bilioni moja. Mmiliki wa aina ya kwetu, tuliyemzoea, ni yule anayetoa mfukoni. Huyu alikuwa anachukua.

Majibu ya mashabiki hayakuwa ya aina moja, na hapo ndipo familia zilipogawanyika. Wapo waliosema basi, hatumlipi tena hata senti, wakaondoka kabisa. Kiangazi hichohicho cha 2005 walianzisha klabu yao, FC United of Manchester, ikaanzia madaraja ya chini yasiyoonyeshwa kwenye televisheni. Kila mwanachama ana kura moja, awe amechangia kiasi kidogo au kikubwa. Kwa miaka walipanga uwanja wa Bury, kisha 2015 wakafungua wa kwao, Broadhurst Park, wenye nafasi kama 4,400. Waliobaki Old Trafford waliwaona wasaliti au watu wa kususa kitoto. Walioondoka waliwaona waliobaki kama watu wanaomlalamikia mwizi huku wakimfungulia mlango kila Jumamosi. Baba na mwana walioanza kwenda uwanjani pamoja wakajikuta viwanja tofauti.

Waliobaki nao walitafuta lugha yao. Mwanzoni mwa 2010 skafu za kijani na dhahabu zikaanza kuonekana majukwaani, rangi za Newton Heath, jina la klabu ilipoanzishwa 1878. Ujumbe ulikuwa mzuri: sisi ni wa klabu, si wa Glazer. Machi 10 mwaka huo David Beckham, akiwa amekuja na AC Milan, aliokota skafu moja baada ya mechi na kuivaa, dunia nzima ikapiga picha. Baadaye akasema masuala ya umiliki hayamhusu. Kundi la matajiri mashabiki lililoitwa Red Knights, likiwa na mwanauchumi Jim O'Neill, lilijipanga kununua klabu, likaishia kuweka nia yake pembeni. Kuhusu kugomea tiketi za msimu, wito ulijadiliwa sana lakini haukushika. Uwanja ukaendelea kujaa, watu elfu sabini na kitu, wengi wao shingoni wakiwa na rangi za kumkataa mtu waliyemlipa mlangoni.

Mimi sidhani walikuwa wanafiki. Kiti cha tiketi ya msimu kwa Mwingereza wa familia za mpira ni kama kiwanja cha urithi: babu alikalia, baba akakalia. Ukikiachia leo kwa maandamano, kesho kinachukuliwa na mtu mwingine, labda mtalii, na mmiliki anapata fedha ileile. Mteja wa duka la nguo akikasirika anavuka barabara kwenda duka la pili. Shabiki wa United akivuka barabara anakutana na Manchester City. Hana pa kwenda, na mmiliki anajua hana pa kwenda.

Kulikuwa na jambo jingine lililozima moto, nalo ni vikombe. Chini ya Glazer, Ferguson alichukua ubingwa wa ligi mara tano, 2007, 2008, 2009, 2011 na 2013, pamoja na Ligi ya Mabingwa ya 2008. Ukiwa kibandani Dar es Salaam mwaka 2008 ungemwambia nani kwamba klabu inanyonywa? Ferguson aliondoka, mabao yakaanza kuingia upande wa pili, ndipo hata wa mbali tukakumbuka kuuliza habari za deni. Udhaifu wa maandamano mengi dhidi ya wamiliki uko hapa: yanapanda na kushuka kwa matokeo. Wiki timu ikifungwa, mmiliki ni mnyonyaji. Wiki ikishinda tatu bila, bango linakunjwa. Mmiliki mwenye subira hana haja ya kujibu hoja. Anasubiri mshambuliaji afunge.

Na Glazer alijiwekea ukuta wa pili. Klabu ilipoingizwa kwenye soko la hisa la New York Agosti 2012, hisa zilizouzwa kwa umma zilikuwa na kura moja kila moja, za familia kura kumi kila moja. Kwa hiyo hata ungechangisha mashabiki wa dunia nzima wakanunua kila hisa iliyoko sokoni, mezani mngekuwa wasikilizaji tu.

Sasa twende kwenye hesabu, kwa sababu wengi wanaobishana kuhusu kususia hawaifanyi. Katika msimu wa 2023/24 Manchester United iliingiza pauni milioni 661.8. Mapato ya siku za mechi, yaani tiketi na kila kinachouzwa uwanjani, yalikuwa milioni 137.1. Ni kama shilingi moja kati ya kila tano. Nyingine nne zinatoka kwa wadhamini na televisheni. Maana yake mzee wa Salford anayebaki nyumbani kwa uchungu anagusa kipande kidogo kuliko anavyodhani. Hata kipande cha televisheni kimehama: katika mkataba wa 2022 hadi 2025, kwa mara ya kwanza haki za matangazo ya Ligi Kuu ya England nje ya Uingereza zilikuwa na thamani kubwa kuliko za ndani. Nje ya Uingereza ni pamoja na sisi, na king'amuzi cha mwenye kibanda.

Ndiyo maana tukio la Mei 2 liliuma kuliko miaka kumi na sita ya skafu na nyimbo. Waandamanaji hawakugusa mapato ya mlangoni. Siku ile mlangoni hapakuwa na mapato. Waligusa matangazo ya moja kwa moja ya mechi kubwa kuliko zote, saa ambayo nusu ya dunia ilikuwa imekaa. Walioingia walikuwa wamekasirika kwa sababu Aprili 18 klabu 12, sita za England, zilikuwa zimetangaza ligi yao ya kujitenga, European Super League, ambayo iliporomoka ndani ya siku mbili hivi baada ya mashabiki wa Chelsea na wengine kumiminika barabarani. Joel Glazer, mwana wa Malcolm, ambaye kwa miaka hakuwa akizungumza na mashabiki, aliandika barua ya kuomba radhi. Kisha kampuni ya THG iliyokuwa imekubali kudhamini nguo za mazoezi kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa pauni milioni 200 kwa miaka kumi ikajitoa, baada ya mashabiki kutishia kususia bidhaa zake. Mdhamini, tofauti na shabiki, ana pa kwenda.

Nasema hivi si kwa kusifu uvamizi. Polisi waliumizwa siku ile, na yule jamaa wa kibandani alikuwa na haki ya kununa. Lakini ukitaka kujua ni lini mmiliki anasikia, tazama alipoguswa.

Liverpool wanalo funzo dogo na safi zaidi. Februari 2016 wamiliki wao, Fenway Sports Group, walitangaza kwamba tiketi ya bei ya juu kwenye jukwaa jipya itakuwa pauni 77. Mechi na Sunderland ilipofika dakika ya 77, maelfu ya mashabiki walisimama wakatoka. Timu ilikuwa inaongoza mbili bila. Hadi filimbi ya mwisho Sunderland walikuwa wamesawazisha. Siku nne baadaye wamiliki waliomba radhi, wakaifuta bei ile na kuzuia bei kupanda kwa misimu miwili. Kitu kimoja, kinachopimika, kwa wamiliki waliokuwa na aibu na walioogopa picha ile kurudiwa. Ujerumani nao, mwanzoni mwa 2024, mashabiki walitupa mipira ya tenisi na chokoleti uwanjani wiki baada ya wiki, mechi zikisimamishwa, wakipinga ligi kuuza sehemu ya mapato ya televisheni kwa mwekezaji. Februari 21 ligi ikaachana na mpango huo. Ila Wajerumani wana kitu ambacho Mwingereza hana: kwa kanuni ya 50+1, wanachama ndio wenye kura nyingi kwenye klabu nyingi. Anayetupa mpira wa tenisi Jumamosi anaweza kupiga kura mkutano mkuu ukiitishwa.

Kumwondoa mmiliki ni habari nyingine kabisa. Kama kuna waliosusia kwa ukamilifu ni mashabiki wa Blackpool. Klabu yao ilicheza Ligi Kuu msimu mmoja, 2010/11, ikapata fedha ambazo haikuwahi kuziona, na mashabiki wakaona fedha hizo zikielekea kwenye kampuni za mmiliki, Owen Oyston, na si kwenye timu. Timu ikaporomoka madaraja. Mmiliki akawashtaki baadhi ya mashabiki kwa kumkashifu. Mei 2015 walivamia uwanja na mechi ya mwisho ya msimu haikumalizika. Baada ya hapo wengi wakaweka nadhiri ya kutolipa hata senti moja zaidi. Mwaka 2017 Blackpool ilifika fainali ya kupanda daraja Wembley dhidi ya Exeter, ikashinda 2–1, na mashabiki wake wengi hawakwenda. Fikiria hilo: timu uliyoipenda tangu utotoni iko Wembley, imeshinda, wewe umekaa nyumbani kwa makusudi. Na bado hakuondolewa na viti vitupu. Aliyemwondoa, kwa maana ya sheria, ni mwanahisa mwenzake kutoka Latvia, Valeri Belokon, aliyekwenda mahakamani. Novemba 2017 jaji akaagiza alipwe pauni milioni 31 na ushei, fedha haikulipwa kwa wakati, na Februari 2019 klabu ikawekwa chini ya msimamizi. Machi 9 zaidi ya watu 15,000 walirudi Bloomfield Road kutazama sare ya 2–2 na Southend. Kususia kulimdhoofisha mmiliki na kuitia klabu aibu iliyofika hadi bungeni, lakini mlango ulifunguliwa na karatasi ya mahakama.

Halafu akishaondoka? Newcastle walimpigia kelele mmiliki wao, Mike Ashley, kwa miaka karibu 14. Oktoba 2021 aliuza, kwa zaidi ya pauni milioni 300, na mnunuzi mkuu alikuwa mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia. Watu walicheza ngoma nje ya uwanja, wengine wakiwa wamefunga taulo kichwani. Walioulizwa kuhusu haki za binadamu walijibu kwamba hawakuchagua wao, na ni kweli hawakuchagua. Machi 2025 wakachukua Kombe la Ligi, taji lao kubwa la kwanza la ndani tangu 1955. Sijui ningekuwa shabiki wa Newcastle ningemwambia nini mwanangu, ila najua ningelia machozi ya furaha siku ile, na hiyo ndiyo kazi ya fedha ile.

Manchester walipata jibu lao mkesha wa Krismasi 2023, lilipotangazwa kwamba Jim Ratcliffe, tajiri wa kemikali aliyezaliwa Failsworth na shabiki wa United toka utotoni, ananunua asilimia 25 na kukabidhiwa mambo ya soka. Mashabiki wengi walifurahi: huyu ni wetu. Mwaka 2024 wafanyakazi wapatao 250 waliondolewa. Mwishoni mwa mwaka huo, msimu ukiwa katikati, tiketi zilizobaki zikawekwa pauni 66 bila punguzo kwa watoto wala wazee. Familia ya Glazer bado ina kura nyingi. Machi 2025, kabla ya mechi na Arsenal, waandamanaji walitembea kuelekea Old Trafford wamevaa nyeusi, kama watu wa msibani, na timu ikamaliza ligi nafasi ya 15. Neno "aondoke" ni rahisi kuimba kwa sababu halina sentensi ya pili.

Ukirudi kwetu, Msimbazi kwa Simba na Jangwani kwa Yanga, wimbo unageuka. Yusuf Manji alipojiuzulu uenyekiti wa Yanga Mei 2017, kilichofuata si sherehe bali njaa. Msimu wa 2018/19, chini ya kocha Mwinyi Zahera, Wananchi, kama Yanga wanavyojiita, walitembeza bakuli: wanachama wakachangishana ili timu isafiri na wachezaji walipwe, na bado wakashika nafasi ya pili. Simba, Desemba 2017, wanachama waliridhia Mohammed Dewji, maarufu Mo, awe mwekezaji kwa ahadi ya shilingi bilioni 20, na sehemu yake ikaishia asilimia 49 kwa kuwa kanuni za serikali zinataka wanachama wabaki na 51. Januari 2020, baada ya kufungwa na Mtibwa Sugar fainali ya Kombe la Mapinduzi, alitangaza mtandaoni kwamba anaachia uenyekiti wa bodi. Kilio kilichosikika vijiweni hakikuwa "aende," bali "abaki." Akabaki.

Kwa karatasi sisi ni Wajerumani, wanachama ndio wenye kura nyingi. Tofauti iko kwenye anayelipa mishahara. Klabu ya Ujerumani inaishi kwa viingilio, kadi za uanachama na televisheni, kwa hiyo mwekezaji akinuna haizimiki. Kwetu mkataba wa Azam wa 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, ni mkubwa kwa ligi ya ukanda huu, lakini unagawanywa kwa ligi nzima na hautoshi kulisha timu inayotaka kufika mbali Afrika. Mwanachama mwenye kura moja ndani ya ile asilimia 51, ambaye hajalipia kadi yake tangu mwaka juzi, atamwambia nini mtu anayelipa tiketi ya ndege ya kwenda Lubumbashi? Anaweza kumzomea mwenyekiti wa upande wa wanachama, na humzomea kweli, kwa sababu huyo hana fedha ya kuondoka nayo. Hasira inamshukia aliye dhaifu kati ya wawili.

Kwa hiyo Mtanzania anayeshabikia United na Simba anabeba misimamo miwili moyoni bila kutambua: Glazer amechota, aondoke, Mo anamwaga, asiondoke. Yote mawili yana mantiki. Kinachofanana ni kwamba katika yote mawili shabiki hashiki kitabu cha mahesabu.

Mechi ile ya Mei 2 ilichezwa Mei 13, usiku wa Alhamisi, saa nne na robo kwetu. Tulirudi kibandani karibu wote, yule aliyesema wanaume na yule aliyenuna, wakakaa benchi moja. Mwenye kibanda alisema kiingilio cha siku ile kilikuwa cha siku ile. Watu wakapiga kelele kidogo, mmoja akasema atahamia kibanda cha jirani, wote tukacheka kwa sababu cha jirani televisheni yake ina mistari. Tukalipa tena. Liverpool wakashinda 4–2.